Mlango wa Vijana wa Naguru

Naguru ni kilima kimoja chenye watu wasiosalimiana. Upande wa juu ni majumba ya kuta ndefu, walinzi getini na mandhari ya jiji zima la Kampala. Huko wanakaa wakubwa wa mashirika na wafanyabiashara waliofanikiwa. Ukiteremka kuelekea Nakawa na Barabara ya Jinja, kuta zinapungua na watu wanaongezeka. Huku chini ndiko serikali ya kikoloni ilikojenga nyumba za kupanga za wafanyakazi, na ndiko vilikochipuka baadaye vibanda vya mtaa unaoitwa Go-Down. Shirika ninalosimulia habari zake lilizaliwa kwa ajili ya watu wa namna ya hawa wa chini. Mtoto wa huko juu akipata tatizo la aibu hupelekwa kwa daktari wa familia, na mambo yakaishia ndani ya gari.

Nyumba za wafanyakazi zilijengwa miaka ya 1950. Viwanda na ofisi za Kampala zilihitaji vibarua na makarani, ilhali jiji lilikuwa limepangwa kana kwamba Mwafrika anaingia asubuhi na kutoka jioni. Nakawa ikawa ya wenye kipato kidogo. Naguru ikawa ya waliowazidi kidogo. Mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti katika mitaa hiyo miwili mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru wa Uganda ukiwa bado mbichi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Alikuta Waluo na Waluhya wengi kutoka Kenya wakiishi mlango kwa mlango na watu wa makabila kadhaa ya Uganda. Kiswahili, ambacho kwa Waganda wengi hakikuwa na heshima, huku kilikuwa lugha ya kuombea chumvi kwa jirani.

Maisha hayo hayakudumu. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliamuru wafanyakazi wa kigeni waondoke, na maelfu ya Wakenya wakafungasha virago. Mwaka uliofuata Idi Amin akapindua serikali, na Naguru ikapata sifa mbaya kuliko zote: hapo ndipo kilipokaa Kikosi cha Usalama wa Umma, ambacho kazi yake halisi ilikuwa kuteka, kutesa na kuua. Kwa miaka minane, mtu akisema fulani kapelekwa Naguru, aliyesikia aliinamisha kichwa. Nalitaja hili kwa sababu historia za mashirika ya hisani huwa na tabia ya kuanza siku shirika liliposajiliwa, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wamelala.

Lakini kuna upungufu mwingine katika mitaa ile ambao haukuletwa na dikteta yeyote. Kwa Baganda, kazi ya kumfunda msichana ni ya senga, yaani dada wa baba. Mama mzazi hafundishi mambo ya mwili na ya chumbani. Ni aibu baina ya mama na binti. Makabila mengine nayo yana utaratibu wao: kwa huyu ni bibi, kwa yule ni mjomba au kaka wa rika. Popote pale, anayefunda si aliyezaa. Sasa chukua familia ya karani iliyohamia chumba cha kupanga Nakawa. Baba yupo, mama yupo, watoto wapo, na shangazi amebaki kijijini umbali wa siku nzima ya safari. Mama anasubiri senga aje aseme. Senga haji. Binti anafika miaka 13, 14, 15, na habari zote anazozijua kazipata kwa wenzake kwenye foleni ya maji. Nyumba hizo za kupanga zilitatua tatizo la mwajiri na kuacha hili bila mwenyewe.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa nchini Uganda walionekana Kasensero, wilaya ya Rakai, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1982. Watu wakauita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Mwaka 1986 serikali mpya ya Yoweri Museveni ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti ugonjwa huo. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake wakaunda TASO, shirika la kuwahudumia waliokuwa wakifa na kutengwa. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akajitokeza hadharani kusema anao, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka mwili ulipomkatalia, akafariki Desemba mwaka huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika hospitali ya Nsambya, karibu wajawazito 30 kati ya kila 100 waliopimwa walikutwa na virusi.

Juhudi za Uganda za miaka ile zimesifiwa sana, na kwa haki. Ila zilisema na watu wazima. Kampeni mashuhuri kuliko zote iliwaambia wanaume wafuge kama wafugavyo ng'ombe wa ndani: walishe zizini, wasichunge nje. Mvulana wa miaka 16 hana zizi. Msichana wa miaka 15 anayenunuliwa chipsi na mwenye duka hayumo kabisa katika mfano huo. Na sheria nayo ilikuwa imemweka mahali pa ajabu: mwaka 1990 Bunge lilipandisha umri wa msichana kuweza kuridhia tendo la ndoa kutoka miaka 14 hadi 18, na adhabu ya juu ikawa kifo. Nia ilikuwa njema, kuwakinga wasichana na wanaume watu wazima. Matokeo yake mengine yalikuwa kwamba msichana wa miaka 16 mwenye usaha au mimba akawa, machoni pa muuguzi, ushahidi wa kosa la jinai ulioketi kwenye benchi.

Hebu tukae kidogo kwenye benchi hilo, maana ndilo kiini cha habari yenyewe. Kituo cha afya cha serikali Kampala huanza asubuhi. Unakuja na daftari lako la shule, lile jembamba la kurasa chache, kwa sababu ndilo litakaloandikwa historia ya ugonjwa wako. Kituo hakina mafaili ya kutosha. Unaliweka kwenye rundo mezani na kukaa. Mbele yako wameketi kina mama na watoto wachanga, wazee wa presha, na bila shaka mama mmoja anayeuza nyanya mlango wa tatu kutoka kwenu. Jina linaitwa kwa sauti. Muuguzi anauliza unaumwa nini, mlango ukiwa nusu wazi, na wewe una miaka 15. Mama wa nyanya anageuza shingo. Utajibu nini? Utasema kichwa. Utapewa Panadol, utarudi nyumbani na kisonono chako, na siku tatu baadaye utaenda kwa muuza dawa wa kona akuuzie vidonge vinne badala ya dozi nzima. Ikiwa ni mimba, utaenda kwa mtu mwingine kabisa, na si wote waliokwenda huko waliorudi.

Kituo kilichoanzishwa Naguru mwaka 1994 kilikuwa jibu la benchi hili. Jina lake rasmi lilikuwa Naguru Teenage Information and Health Centre. Vijana wenyewe hawakuwa na muda wa jina refu kiasi hicho. Kilianza kwa kujitolea, kwa ushirikiano na Baraza la Jiji la Kampala, na hesabu yake ilikuwa nyepesi. Vijana wa miaka 10 hadi 24 wapewe mlango wao. Wahudumiwe bila malipo. Muuguzi afunge mlango kabla ya kuuliza swali. Na kabla hujafika kwa muuguzi, ukutane na kijana mwenzako aliyefunzwa, anayejua unavyoongea na asiyeshtuka.

Ukiusoma mpango huo leo unaweza kujiuliza palikuwa na ubunifu gani. Palikuwa nao. Nchini Uganda huduma ya uzazi wa mpango ilitolewa kwa wanandoa, na hata hao mara nyingi ni mke aliyeulizwa mumewe anasemaje. Mwaka huohuo wa 1994, Septemba, wajumbe wa nchi 179 walikutana Cairo katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, wakabishana siku tisa, pamoja na mengine, kuhusu iwapo vijana ambao hawajaoa wana haki ya huduma kama hizi. Mwaka ambao wanadiplomasia walipima kila neno la tamko, Naguru ilipata mlango.

Kituo hakikuwa peke yake. Mwaka 1993 gazeti la Straight Talk lilikuwa limeanza kutoka, likiwajibu vijana maswali waliyoandika kwa mkono wao. Desemba mwaka huo redio binafsi za kwanza zikaingia hewani Kampala, na muda si mrefu Capital FM ikawa na daktari wa kujibu simu za wasikilizaji kuhusu Ukimwi. Nadhani hapa ndipo watu hukosea wanapotafuta siri ya mafanikio ya shirika moja. Gazeti lilimpa kijana swali, redio ikampa ujasiri wa kulitamka, na Naguru ikampa mahali pa kwenda na mwili wake. Kila kimoja peke yake kingechechemea.

Fedha iliyokikuza kituo kwa kiasi kikubwa ilitoka Sweden, kupitia shirika la misaada la Sida. Haikuwa bahati nasibu. Sweden ililazimisha elimu ya jinsia mashuleni tangu mwaka 1955, na kliniki yake ya kwanza ya vijana ilifunguliwa katika mji wa Borlänge mwaka 1970. Waswidi walipouona mlango wa Naguru, waliona kitu wanachokijua. Fedha hizo zilileta dawa, mishahara na mafunzo. Zilileta pia hoja ya wapinzani, ambayo haijanyamaza hadi leo, kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hoja yenyewe ina upofu wake. Aliyewahi kumsikiliza senga wa Kiganda akimfunda mwali hawezi kusema kwamba Mwafrika hakuzungumza mambo ya chumbani kabla ya Mswidi kufika. Alizungumza, tena kwa undani ambao ungemfanya Mswidi ashike shavu.

Baada ya hapo mambo yalikua haraka. Waelimishaji rika walitoka kituoni kwenda sokoni, kwenye vijiwe na kwenye viwanja vya mpira. Michezo ya kuigiza ikachezwa pale ambapo mhadhara ungewafukuza watu. Huduma ziliongezeka kadiri wateja walivyoleta shida: ushauri nasaha, kupima virusi, kutibu magonjwa ya zinaa, kliniki ya kina mama ambao wenyewe bado ni watoto. Wavulana, ambao vituo vya kawaida vilikuwa vimewasahau kabisa kwa kuwa hawabebi mimba, walipata mahali pa kutibiwa bila kufokewa. Wizara ya Afya ilipotoa sera ya taifa ya afya ya vijana balehe mwaka 2004, wazo la huduma rafiki kwa vijana ndani ya vituo vya serikali halikuwa nadharia tena. Palikuwa na mfano wa miaka kumi wa kutazama.

Elimu ilikuwa upande wa pili wa kazi, na hapo palikuwa na mawimbi. Mwaka 1997 serikali iliondoa ada ya shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mpigo. Ghafla mahali rahisi pa kumpata kijana pakawa darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja programu ya Rais ya kuzungumza na vijana kuhusu Ukimwi, vitabu vikasambazwa mashuleni. Kisha upepo ukageuka. Fedha za Marekani za kupambana na Ukimwi zilizoanza mwaka 2003 zilitenga sehemu ya bajeti ya kinga kwa ajili ya kuhubiri kujizuia. Mwishoni mwa mwaka 2004 kondomu za bure za Engabu zikaondolewa sokoni kwa kulalamikiwa ubora wake, na kwa miezi mingi kondomu zikaadimika nchini. Ukifanya kazi na kijana ambaye tayari ameanza, mahubiri ya kujizuia bila boksi la kondomu mezani ni nusu ya mazungumzo.

Wakati shirika likikua, mtaa uliolipa jina ulikuwa ukifa. Julai 2011 matingatinga yalibomoa nyumba za Naguru na Nakawa ili kupisha mji mpya wa kisasa. Zaidi ya familia 1,700 zilikuwa zimeandikishwa kama wapangaji. Mji huo haukujengwa kama ulivyoahidiwa, na miaka kumi baadaye Bunge lilikuwa likichunguza ni nani anagawiwa ardhi hiyo na kwa ruhusa ya nani. Januari 2012 ikafunguliwa hospitali ya rufaa ya Naguru yenye vitanda 100, zawadi ya serikali ya China, nayo ikajaa tangu siku za mwanzo. Kituo cha vijana chenyewe kilikuwa kimeota mizizi Bugolobi, ng'ambo ya Barabara ya Jinja, kikabaki na jina la Naguru. Vijana waliokuwa wakishuka kwa miguu kutoka mitaa iliyobomolewa walitawanyika hadi vitongoji ambako kodi inalipika, na shirika likalazimika kuwafuata: kambi za huduma mitaani, ushirikiano na mashirika mengine kama Reproductive Health Uganda na Straight Talk Foundation, kazi nje ya Kampala. Shirika la mlango mmoja likawa mtandao, na siku hizi linajiita Naguru Youth Health Network.

Kubwa zaidi ya kubomolewa lilikuwa ni kuzibwa mdomo. Mwaka 2016, baada ya kelele kwamba watoto wanafundishwa upotovu, Bunge na kisha Wizara ya Jinsia vilipiga marufuku elimu ya jinsia ya kina mashuleni. Mei 2018 Wizara ya Elimu ikazindua mwongozo wake, wenye kuegemea maadili na kujizuia. Hata huo viongozi wa dini hawakuwa na kauli moja juu yake. Mashirika yaliyokuwa yakiingia madarasani yakajikuta yanaomba kibali cha kusema maneno yaleyale ambayo redio za FM, usiku, zinayasema kwa matangazo ya biashara katikati. Ndiyo, masenga wa redioni wa Kampala hawakupigwa marufuku. Wao huzungumza na wake za watu.

Kisha shule zote zikafungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule muda mrefu kuliko Uganda. Zilipofunguliwa, wizara ililazimika kuelekeza kwamba wasichana wajawazito na wanaonyonyesha waruhusiwe kurudi, na baadhi ya shule za makanisa zikagoma waziwazi.

Kuna takwimu moja ambayo yeyote anayelisifu shirika hili inabidi aiweke mezani. Utafiti wa taifa wa afya na watu wa mwaka 1995 ulikuta wasichana 43 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito. Mwaka 2001 walikuwa 31. Mwaka 2006 walikuwa 25. Hapo ngazi ikakatika: 24 mwaka 2011, 25 mwaka 2016, 24 mwaka 2022. Kushuka kwa mwanzo kulikuwa kazi ya wengi, shule za bure zikiwemo, na Naguru ina haki ya kudai sehemu yake. Kukwama kwa miaka zaidi ya kumi na mitano nako kunasema kitu. Wasichana waliobaki katika ile robo ni maskini zaidi, wa vijijini zaidi, na wengi wao waliacha shule kwanza, mimba ikafuata. Kliniki yenye mlango wake humfaa sana anayeweza kuufikia. Haimlipii mtu karo, haimwondoi mjomba ndani ya nyumba, wala haimpi nauli ya bodaboda msichana asiye na shilingi.

Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na vituo vya Uganda vilivyotegemea fedha hizo kwa vipimo, dawa na mishahara ya washauri vikapunguza watu. Nchi ina watu karibu milioni 46 kwa sensa ya mwaka 2024, nusu yao wakiwa hawajafika miaka 18. Swali la nani atalipia milango ya vijana haliwezi tena kupelekwa Stockholm wala Washington.

Na lipo swali la sheria, ambalo halihitaji fedha ya mtu. Tangu Naguru ifungue mlango hadi leo, umri wa kuridhia haujashuka chini ya 18. Mtoto wa miaka 12 anaruhusiwa kukubali mwenyewe kupimwa virusi vya Ukimwi. Huyohuyo, akifika miaka 16 na kuomba kidonge cha kuzuia mimba, anamkuta mkunga asiye na uhakika kama anatoa huduma ya afya au anasaidia kosa la jinai. Miongozo ya huduma hizi imeandikwa, ikapingwa, ikarudishwa mezani. Huko vituoni kila mkunga anajiamulia, na msichana anayekataliwa dirisha hili huambiwa na wenzake ajaribu zamu ya mchana.